Leo nimeitwa Mama Zuhura

Jamani, leo nimeitwa jina ambalo sijalisikia tangu nitoke wodini.

Nilikuwa kwenye foleni ya mashine ya kusaga hapa Newala, na ndoo yangu ya makopa ya muhogo.
Nyuma yangu mtu akaita, "Mama Zuhura!"

Sikugeuka. Nyie mngegeuka?

Zuhura wangu aliishi siku mbili. Walimzika mimi nikiwa bado na nyuzi tumboni. Niliporudi nyumbani nikawa Somoe tu, kama vile sijazaa. Ni mwaka wa saba huu.

"Mama Zuhura wee!"

Jirani yangu akamjibu kwa upole, "Dada, umemfananisha. Huyu hana mtoto."

Ndipo nikageuka. Kumbe ni mwenzangu wa kitanda cha pili, tulipasuliwa siku moja. Tulikuwa tukienda chooni tumeshikana mikono kama vikongwe.

Hata hakuona aibu. Akamwambia jirani, "Anaye. Nilimpakata mimi, mama yake akiwa hawezi kukaa."

Mashine ilikuwa inanguruma, lakini nilitaka foleni nzima isikie.

Nikaitika, "Abee!"