Dubu wa Bafta

Nikicheka msidhani nimepona, maana mpaka leo mtu akitaja dubu mbele yangu masikio yananichoma, na pale kwetu kwenye ghuba ya Tungue wako watu wazima, wana ndoa zao na watoto, ambao jina langu halisi wamelisahau, wananijua kwa Mwalimu Dubu basi.

Ilikuwa miaka ile gesi imeonekana chini ya bahari, kila wiki wageni wa kofia ngumu wanakuja kupima mashamba, na mimi ndiyo kwanza nimekuwa professora, yaani mwalimu, wa darasa la tano, bado kijana, najiona nimezaliwa kuwafungua watoto macho. Somo lilikuwa wanyama wa nchi za barafu. Kitabuni mlikuwa na picha moja ya dubu mweupe, ndogo kama stempu, tena imefifia, na Mwanahawa (mtoto huyu akiuliza hakuachii) akaniambia, "Professora, mbona huyu mbuzi?" Nikawaahidi kwamba kesho watamwona dubu kwa macho yao.

Sasa dubu nitamtoa wapi? Asubuhi, Bibi yuko kisimani (bibi yangu mzaa mama, niliyekuwa nikiishi naye), nikafungua sanduku lake, na chini kabisa nikakuta bafta nyeupe, mpya, imekunjwa vizuri, inanukia udi. Nikajisemea nitamnunulia nyingine mwisho wa mwezi, hata hatajua. Nikachukua mkasi nikatoboa matundu mawili ya macho. (Hapo ndipo mngenishika mkono, na hamkuwapo.) Njiani nikapita kwa mnunuzi wa samaki, akanipa bonge la barafu kwenye ndoo, linanuka changu, lakini barafu ni barafu.

Darasani mambo yakawa matamu mno, watoto wanapiga kelele za furaha, hadi mkuu wa shule akachungulia. Siku hiyo uwanja wetu ulikuwa na mkutano wa wageni wa gesi na wanakijiji, na mkalimani wao alikuwa amechelewa. "Professora, hebu toka na dubu wako, uwachangamshe watu kidogo." Ningekataa. Lakini mimi sifa ndiyo ugonjwa wangu.

Basi nikatoka kwa miguu minne, bafta mwilini, nachungulia kwa vitundu, nikapanda juu ya bonge langu, watoto wameshalibeba hadi katikati ya mikeka, nikanguruma, nikasema barafu ndiyo nyumba yangu na uwanja wangu wa kuwinda, ila dunia inazidi joto kwa moshi wa makaa ya mawe, mafuta na gesi zinazochomwa, na nyumba inayeyuka. Mwanahawa akasimama. "Hata gesi yetu hii?"

Mkalimani alikuwa ameshafika, namsikia anawanong'onezea wageni kwa Kireno.

"Hata hii," nikasema, na papo hapo barafu ikateleza chini yangu, nikaanguka chali, bafta ikanizonga kichwa hadi magoti, nimelala nimenyooka kama maiti. Ndipo nikasikia sauti ya Bibi kutoka mkeka wa mbele.

"Ya Rabi! Hiyo si sanda yangu?"

Mkalimani naye akaitafsiri! Wageni wakainuka. Chefe wa serikali, mkubwa aliyewaleta wageni, akaja juu: "Nani kakutuma kuvaa sanda mbele ya wageni? Unawatakia kifo?" Nami nimo ndani, najipapatua, tundu la jicho limenasa kwenye hereni, kila nikijibu wanasikia mngurumo tu.

Bibi akaja polepole, akainama, akaninasua kwa mikono yake. "Hakutumwa na mtu, chefe. Huyu mjukuu wangu. Kusoma kasoma, akili bado tunaisubiri." Uwanja ukaangua kicheko, wageni wakakaa, mimi nikaondoka nimelowa, nanuka samaki.

Mchana nilimkuta jikoni anamenya muhogo. Nikapiga magoti. "Nisamehe, Bibi. Nitaishona."

"Sanda yenye kiraka nitamwendea nayo nani huko ahera, mke mwenzangu?"

"Sikujua kama ni sanda."

"Utajuaje, na hukuuliza?"

Nikalia. Akaniacha nilie, anamenya tu, halafu akasema, "Huyo mnyama wako, ana watoto?"

"Anao."

"Nyumba ikiisha anawapeleka wapi?"

"Hana pa kuwapeleka, Bibi."

Akaweka kisu chini. "Sisi angalau wageni wamekuja wametuuliza, mpaka makaburi yetu yako wapi. Yeye hata hodi hakupigiwa." Akanipa kisu, tukamalizia ule muhogo wote.

Mshahara ulipotoka nilikwenda Palma nikanunua bafta nzuri kuliko zote dukani, nikampa kwa mikono miwili. Akaipima kwa mkono wake, dhiraa kwa dhiraa, akasema ni ndefu mno. Nikamwambia basi ikae sana sandukuni. Akacheka mpaka akakohoa.

Wanyama nimefundisha wengi tangu hapo, wote kwa chaki, ubaoni. Na sanduku la mtu, hata nikilikuta wazi, napiga hodi kwanza.