Ng'ombe Hawatoki kwa Machozi

Mwanangu, umeniomba nikupe misemo ya Kiingereza ya kuwagusa watu, ili ukisimama kuomba kura za wanafunzi wenzako ukumbi mzima utoe machozi. Nitakupa. Nimefundisha Kiingereza hapa Musoma mpaka nywele zikageuka rangi, siwezi kuikosa. Lakini kaa kwanza. Kuna siku moja huwa naikumbuka kila nikiombwa kitu cha namna hiyo, na nikiikumbuka naanza kumtilia shaka hata anayeniomba.

Ilikuwa miaka ya vijiji vya ujamaa. Nilikuwa likizo, nakaa kwa bibi mzaa baba, upande wa Bunda. Watu walikuwa wamehamishwa, huyu katoka huku, yule kaletwa kule, na jirani yako wa leo jana hukumjua. Mimi kichwani nilikuwa na Kiingereza kipya. Mwalimu alitufundisha kwamba Mwingereza akiguswa husema nyuzi za moyo wake zimevutwa, au donge limemkaa kooni, au hadithi imemyeyusha. Niliipenda misemo ile kupita kiasi. Nikawa natembea nikitafuta wa kuniyeyusha.

Basi akaja. Kijana nadhifu, shati limefungwa mpaka kifungo cha juu, akasema ametoka Buhemba na ni mtoto wa mzee Magesa. Jina hilo tulilijua. Mzee Magesa alikuwa rafiki wa babu, na zamani aliwaweka ng'ombe wake katika zizi letu, kama watu wa kwetu walivyokuwa wakifanya: unagawa mifugo yako kwa marafiki ili ugonjwa ukiingia kwako usibaki mikono mitupu. Anayewatunza anakunywa maziwa, lakini ng'ombe wanabaki wa mwenyewe. Babu alikuwa ameshafariki, kwa hiyo dhamana yote ilikuwa juu ya bibi.

Kijana akaeleza. Jamani, yule mtu alijua kueleza! Baba yake amekufa akiwaita ng'ombe wake kwa majina. Mama yake hana tone la maziwa la kumpa mjukuu. Akifika mahali anasimama, anatazama chini, anameza mate, halafu anaendelea kwa sauti ya chini. Majirani waliokuja kumsalimu mgeni wakalia. Mimi nililia mpaka kamasi, na nikaona raha kwamba sasa najua donge la Waingereza linakaa wapi.

Bibi hakulia. Alikuwa anachambua mchicha.

"Pole sana, mjukuu wangu," akasema. "Umekuja na nani?"

"Niko peke yangu, bibi. Nani atamsindikiza maskini kama mimi?"

"Mwenye ng'ombe anakujaga na mtu. Siku wanaletwa hapa, walikuwepo watu wa kwenu walioona. Lete mmoja tu. Chakula kipo, pa kulala papo. Ng'ombe hawatoki."

Kijana akapiga magoti. Mama mmoja jirani akamwambia bibi waziwazi kwamba ana roho mbaya, anataka kula mali ya yatima. Nami nikamvuta bibi pembeni.

"Bibi, kwani huoni anavyolia?"

"Naona. Ndiyo maana naogopa. Kila akilia anaangalia nani amelia naye."

Nikageuka kumtazama. Kweli, macho yake yalikuwa yanapita uso kwa uso. Hata hivyo nilimkasirikia bibi, si yule kijana. Ndivyo tulivyo, tukishalia na mtu tunakuwa upande wake.

Asubuhi mgeni akaaga, akasema anakwenda kumleta baba yake mdogo. Siku zikapita. Bibi akifika kisimani wanawake wananyamaza. Angempa ng'ombe mtu asiye mwenyewe, angelazimika kulipa kwa ng'ombe wake wachache, na hao ndio waliotunywesha maziwa. Na kama amemfukuza mtoto halali wa rafiki wa mumewe, jina la babu limekwisha. Siku moja nilimkuta amesimama zizini, akaniuliza taratibu, "Na kama alikuwa mtoto wa Magesa kweli?" Sikuwahi kumwona bibi akiwa na hofu kabla ya hapo.

Baada ya mavuno ya pamba wakaja wawili. Mmoja mzee, bibi akamtambua kwa mwendo tangu akiwa mbali, maana ndiye aliyewaswaga ng'ombe siku wanaletwa. Mwingine mtu mzima wa maneno machache.

"Baba alifariki," akasema yule wa pili. "Tumefuata ng'ombe."

Akanywa uji, akauliza habari za mvua. Nikamnong'oneza bibi, "Huyu hata huzuni hana." Bibi akanikata jicho. Mzee akatuambia kwamba Magesa aliacha mtoto mmoja tu wa kiume, ndiye huyu, na yule kijana aliyekuja kwanza hawamjui. Bibi akashusha pumzi, akaenda mwenyewe kufungua zizi. Wakamwachia mtamba mmoja wa shukrani, kama ilivyo desturi.

Nikatumwa kupeleka kamba. Nilimkuta yule mtu nyuma ya zizi, ameegemeza paji la uso kwenye shingo ya ng'ombe mkongwe aliyekuwa wa baba yake, mabega yanatikisika, sauti hakuna. Aliponiona akajifuta haraka, akanyoosha mkono nimpe kamba. Nikampa, nikaondoka nikiona aibu kwa niliyoyasema.

Mwanangu, maneno ya kugusa watu si dhambi, nitakuandikia mengi. Ila mtu akikutoa machozi, awe mchungaji, mgombea au mchumba, lia kama kilio kimekuja, kisha muulize maswali ya kawaida kabla hujampa alichokifuata. Akikasirika kwa kuulizwa, hapo ongeza maswali. Na asiyejua kulia mbele za watu usimnyime haki yake, hujui anakolilia. Na siku utakaposimama wewe, ukawaona wanatoa leso, jiulize unataka kuondoka na nini chao.

Nenda salama. Mungu akupe ulimi wa kuwagusa watu, na akunyime kabisa raha ya kuwatazama wakilia.