Jalada Namba 2217

Jumamosi hiyo zahanati haikupokea wagonjwa, lakini Rozalia alikuja na chupa yake ya chai kama kawaida. Kwa miaka kumi na sita alikuwa mtunza kumbukumbu pale Gungu, Kigoma. Kina mama waliteremka kutoka Kalinzi na watoto mgongoni, naye akawaandika mmoja mmoja: jina, uzito, chanjo, tarehe ya kurudi. Madaftari ya zamani yaliliwa na mchwa. Yote aliyowahi kuyaandika sasa yalikuwa ndani ya seva, sanduku jeusi lililonguruma pembeni mwa dirisha.

Selestini, fundi kutoka mjini, alikuwa ameshakaa mbele ya sanduku hilo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umeshaligusa?"

"Bado. Nimeambiwa sanduku hili lina mwenyewe."

Akamweleza. Mfumo endeshi wa seva ulikuwa umezeeka, na waliouunda hawauhudumii tena. Ili aweke mpya, ilibidi afute diski nzima. Kwa hiyo jana yake alikuwa ameinakili hifadhidata, yaani ghala lote la majalada, kwenye diski ya nje, kisha akaifungua nakala hiyo kwenye kompyuta yake mpakato ahakikishe inasomeka.

"Ni kama kuhama nyumba," alisema. "Vyombo vinatoka kwanza, ndipo tunabomoa."

"Na ukisahau chungu?"

"Kinavunjika na nyumba. Lakini nimehesabu, mama. Kwenye seva majalada elfu tisa mia mbili na sita, kwenye nakala vilevile."

Kidole chake kilikuwa kimeshaelekea kwenye kitufe cha kufuta.

"Ngoja," Rozalia alisema. "Nitafutie moja. Namba 2217."

"Elfu tisa zipo, unatafuta moja?"

"Wewe hujawahi kuchunga mbuzi. Mtu hahesabu tu, anamtazama na yule wake."

Selestini akacheka, akaandika namba kwenye nakala. Jalada halikuwepo. Akaandika jina alilotajiwa, Butoyi. Wakaja wengi, kwa kuwa Kigoma pacha wa pili huitwa hivyo, kama wa kwanza anavyoitwa Bukuru. Rozalia akawapitia wote kwa kidole. Wake hakuwemo.

Alirudisha mikono mapajani. Bukuru wake alikuwa darasa la sita. Butoyi aliishi miezi minne. Picha hakupigwa, na kadi yake ya kliniki ililoa mvua ilipoezua paa. Kilichobaki duniani kuonyesha kwamba mtoto yule alikuja kilikuwa mistari minne ya uzito ndani ya sanduku lile.

Kisha akakumbuka. Miaka mingi nyuma, mfumo ulipoanza kutuma ujumbe wa chanjo kwenye simu, mama mmoja, Skolastika, alikuja ameshika simu yake mkononi. Wiki moja kabla alikuwa amemzika mwanawe. "Mnamwita nani?" aliuliza, bila hasira. Kesho yake Rozalia alimwomba fundi wa wakati huo awatenge watoto waliofariki katika hifadhidata yao wenyewe, ili ujumbe usimfikie tena mama yeyote kama yule. Wake naye akamhamishia huko. Hakumwambia mtu, wala hakuna aliyemuuliza.

"Angalia kama kuna hifadhidata nyingine," alisema polepole. "Inaitwa waliotangulia."

Selestini akarudi kwenye seva. Ilikuwepo. Majalada mia tatu na kumi na mawili.

"Jana niliiona," alisema, sauti imeshuka. "Nikadhani ni ya majaribio. Nisamehe, mama."

"Mimi ndiye niliyewaficha, mwanangu. Kunywa chai."

Akainakili nayo, akaifungua kwenye mpakato, akahesabu. Safari hii hakungoja kuambiwa: alitafuta 2217 mwenyewe, akaliona, ndipo akabonyeza.

Kazi ilikwisha alasiri. Mfumo mpya ulipowaka na maghala yote mawili yakarudishwa, alimpisha Rozalia kitini. Rozalia akaandika namba bila kutazama vitufe.

Butoyi, msichana. Kilo 1.9. Kilo 2.6. Kilo 3.8. Kilo 3.5.

Selestini akageukia dirishani, akalitazama ziwa.

"Bukuru yupo?" aliuliza hatimaye.

"Yupo. Anakula ugali wa watu wawili."

Kabla ya kufunga mlango, Rozalia alichukua karatasi na kalamu nene, akaandika kwa herufi kubwa, kisha akaibandika juu ya seva: HIFADHIDATA NI MBILI. ZIHAMISHWE PAMOJA.