Miguu ya Soneti

Juzi mjukuu wangu alinicheka: "Babu, mguu wa soneti ni silabi tu!" Nilimjibu najua. Uongo.

Mchana ule wa utotoni mwangu, darasa lilinuka ndagala, dagaa wa ziwani, za kuanikwa. Mwalimu alisema kila mstari wa soneti, shairi la Kifaransa, una miguu kumi na miwili.

"Mwalimu, huyo ni mdudu gani?" niliuliza.

"Hesabu kwanza, weye! Kisha uandike kwa nini shairi linalia."

Nilikuwa bado natafuta miguu chini ya maneno, bunduki za waasi zikalia upande wa mto Ruzizi. Baba aliingia, akanivuta mkono.

"Baba, sijamaliza miguu!"

"Hesabu miguu yako, ukikimbia!"

Sasa mimi ni mzee; nyumba nimejenga, mitumbwi ninayo. Shuleni sikurudi, wala hakuna aliyeniuliza tena kwa nini shairi linalia. Leo ningemjibu mwalimu.