Mwajuma, Nasra na Korosho wa Nje

Ninyi mtakaosoma haya mtasema Shafii ameanza tena. Semeni. Lakini yupo mwanamke Magomeni, hapa Mtwara mjini, ambaye kitabu chake kilikataliwa na visu vya kumenyea muhogo, na visu vyenyewe havikugusa hata ukurasa mmoja. Mkaisimulie Dar es Salaam muone. Watawawekea kiganja kwenye paji la uso wajue kama mna homa.

Mwanamke mwenyewe ni Mwajuma, mwandishi wa vitabu vya watoto. Shafii ni mjomba wake, kaka wa mama yake, na ndiye huyu anayeiandika habari hii. Shule aliiacha darasa la tano, au shule ndiyo ilimwacha, hapo pana ubishi. Lakini kwetu Wamakonde mjomba si mtu wa kukumbukwa siku ya mahari tu. Yaliyomo moyoni mwa Mwajuma anayajua, na asiyoyajua ameyakisia vizuri.

Vitabu vya Mwajuma labda mmeviona. Kipo cha kaa wa Mikindani aliyeazima viatu, akashindwa kuamua avae miguu ipi. Kipo cha mbuzi aliyesomea utabibu, na siku ya kuhitimu akala cheti chake. Yule mbuzi ni Shafii, ukoo mzima unajua, ila mwandishi anakataa kwa sababu anaogopa kudaiwa.

Asubuhi Mwajuma anafundisha shule ya msingi kule Likombe. Akirudi mchana, akishakula, ndipo anapoandika. Nyumba yao ni ndogo, kwa hiyo alijichukulia stoo. Mle ndani mna gunia la mchele, baiskeli ya mume wake Hashimu isiyo na gurudumu la mbele, na meza ambayo fundi aliichonga kwa ajili ya cherehani. Cherehani haikuwahi kununuliwa. Sheria ya nyumba ilikuwa hii: kanga ikining'inia juu ya mlango wa stoo, hakuna kubisha hodi. Shafii aliwahi kubisha, tena kwa sababu nzito kabisa, alitaka chai. Alijibiwa kwa kimya kilichomsindikiza mpaka nyumbani kwake.

Ila hadithi haimaliziki stoo. Mwajuma akishaiandika huipeleka kijijini kwa mama yake, Bi Tatu, kwenye njia ya kwenda Msimbati, upande wa mdomo wa Ruvuma. Huko wanawake na watoto hukaa uani kumenya muhogo wa makopa, ule unaokatwa, ukaanikwa, ukatwangwa unga wa ugali. Mwajuma huketi katikati yao akasoma. Hamuulizi mtu kama hadithi ni nzuri. Watu wetu wana adabu, watakwambia nzuri hata kama umewachosha mpaka mifupa. Yeye husikiliza visu. Visu vikiendelea kukwaruza maganda, hadithi haijawashika. Visu vikinyamaza, imewashika.

Na hata kabla ya visu alikuwapo Nasra, binti yake wa darasa la tatu. Hakuna hadithi iliyowahi kwenda kijijini bila Nasra kuisikia kwanza, amelala chali mkekani, mguu juu ya mguu kama mzee wa baraza. Akisema "rudia hapo", Mwajuma anajua pana utamu. Akiuliza "chakula tayari?", Mwajuma anachana karatasi.

Mwaka huu Mwajuma akaanza hadithi ya korosho. Bibo, lile tunda laini la mkorosho, lilikuwa nyumba nyekundu, nzuri, yenye maji matamu ndani, na Korosho amening'inia nje, chini yake, anagonga afunguliwe. Anaomba, anaimba, anasingizia mvua, hafunguliwi. Mwajuma aliipenda hadithi hiyo kuliko zote. Rozalia, mhariri wake aliyeko Dar es Salaam, naye aliipenda, akataka iletwe upesi ichapwe kabla shule hazijafunguliwa. Basi kanga ikawa haitoki mlangoni. Jumamosi kanga, Jumapili kanga. Nasra akirudi madrasa anaikuta, anakaa kizingitini na jiwe lake la kuchezea, akichoka anakwenda kwa majirani.

Jioni hadithi ilipofika ukingoni, Mwajuma alitoka na karatasi zake na kutandika mkeka.

"Nasra, njoo nikusomee."

"Nimechoka."

"Hujasikia hata mwanzo."

"Nimeusikia. Ukiandika huwa unasoma kwa sauti. Mlango hauzuii."

"Basi njoo usikie vizuri."

"Msomee baba."

Hashimu, karani wa bandarini, mtu mpole asiyependa ugomvi na mtu wala mzigo, alikuwa na ming'oko, vile viazi pori vya kwetu, mdomoni. Akaimeza kwanza. "Mimi nikisomewa nasinzia, mnajua," alisema. Hakuna aliyecheka. Mwajuma akazikunja karatasi.

Sasa tusidanganyane. Kitabu kingechapwa bila Nasra. Wino hauulizi. Lakini Mwajuma aliona kitu kinamponyoka ambacho hakipatikani kwa kuchapwa tena, na hakujua akikamate wapi. Mtoto akikununia, utambembeleza. Huyu hakununa. Alikula, akaosha vyombo, akasema lala salama. Alikuwa ameacha tu kutaka.

Kesho yake akamwambia mjomba wake. "Mwanangu kanisusa, mjomba."

"Mpe peremende."

"Mjomba."

"Mpe mbili."

Ushauri huo haukufuatwa, na mpaka leo Shafii anaamini haukupewa nafasi.

Jumamosi wakaenda kijijini wote. Ilikuwa kipindi cha mabibo, uani kunanukia utamu unaotaka kuwa pombe, na muhogo umerundikwa kuliko siku zote. Wanawake wamekaa, watoto wamekaa, Nasra kachukua kisu kidogo akawapa watu mgongo. Shafii naye alikuwapo kikazi, anaonja muhogo mbichi asije mtu akala mchungu. Mwajuma akasoma.

Akasoma vizuri, hilo lazima lisemwe. Korosho akagonga, akaimba, akasingizia mvua. Mwishoni Bibo likamwonea huruma, likafungua mlango, Korosho akaingia ndani, wakaishi pamoja kwa raha. Mwajuma akashusha karatasi akasikiliza.

Krr, krr, krr. Kila kisu kazini.

"Endelea," alisema Bi Tatu.

"Nimemaliza, mama."

"Ahaa. Imeisha."

Jirani yao, Mama Faraja, mwanamke mwenye ulimi usiohitaji kunolewa, aliinua uso. "Mwalimu, hilo bibo lenye korosho ndani umelionea wapi? Utuletee mbegu."

Uani wakacheka. Mwajuma akajaribu kucheka nao. "Ni hadithi, Mama Faraja. Mbona kaa alivaa viatu hamkusema?"

"Kaa na avae. Miguu si anayo?"

"Na tena umeanza na bibo," Bi Tatu akaongeza, anakata muhogo bila kumtazama. "Wewe umekulia chini ya mikorosho, Mwaju. Hebu niambie, ua likianguka kinatangulia nini?"

Jibu Mwajuma alilijua tangu hajaota meno ya pili. Korosho ndiyo hutangulia. Inatoka peke yake, ya kijani, imejikunja kama sikio la mtoto, na bibo bado halipo. Baadaye sana ndipo kikonyo kinapofura, kinajaa maji, kinageuka rangi, na watu wakipita wanasema tazama bibo, kama vile lilikuwapo siku zote.

"Korosho," alisema.

Hapo Nasra akazungumza. Hakugeuka, mgongo wake ulikuwa palepale. "Sasa bibo litamfungiaje mlango mtu ambaye lilimkuta?"

Visu vikanyamaza. Vyote. Hata Shafii aliacha kutafuna, na hilo ni jambo lililowahi kutokea misibani tu.

Mwajuma alikuwa anakumbuka chumba cha Magomeni mwaka ule Nasra mchanga alipokuwa halali mpaka asemeshwe, na yeye, maneno ya kawaida yakimwishia, akaanza kumsimulia habari za kaa mwenye viatu vya kuazima. Asubuhi yake akaiandika nyuma ya karatasi za mtihani. Kabla ya hapo hakuwahi kuandika kitu zaidi ya maandalio ya somo. Vitabu vyote vilikuja baadaye. Vilifura, vikageuka rangi, watu wakaviona.

Alizisukuma karatasi chini ya jamvi, akachukua kisu, akahamia alipo binti yake. Wakamenya bega kwa bega. Wengine wakajifanya wanazungumza bei ya dagaa.

"Polepole, utajikata," alisema Mwajuma.

"Wewe ndiye unamenya kama mtu wa ofisini."

"Basi nisaidie."

"Kumenya?"

"Mwisho wa hadithi. Sijui mwisho wake."

Nasra alimaliza muhogo mzima kabla ya kujibu. "Si kazi ya watoto."

"Nani kasema?"

"Wewe. Ulinijibu hivyo kutoka stoo, mlango umefungwa."

"Nilikosea."

"Ulisema mara nyingi."

"Nilikosea mara nyingi."

Mtoto akamtazama kidogo, akachagua muhogo mwingine. "Haya," alisema. "Nitafikiri."

Waliporudi mjini, meza ikatolewa stoo ikawekwa uani, karibu na jiko. Kazi ya kuibeba ilifanywa na Hashimu, na kazi ngumu zaidi ya kumwelekeza ilifanywa na Shafii. Na msidhani mambo yakawa asali. Kuku walipanda mezani. Redio ya jirani ikatangaza vifo vya watu wasiowajua katikati ya wimbo wa Korosho. Nasra akifanya hesabu zake upande huu wa meza, mama yake anaandika upande ule, na kila mstari unaulizwa swali. Siku nyingine Mwajuma alisema, "Leo nahitaji mlango," akaingia stoo akajifungia. Ila kanga haikutundikwa tena, na akitoka alikuwa anasema alichokifanya humo, kama mtu aliyetoka safari. Nasra alinuna siku hizo. Ataachaje kununa, na ni mtoto wa ukoo wetu. Lakini alikuwa ananuna palepale mezani, akisubiri.

Rozalia akapiga simu. "Mwajuma, mwisho wa kwanza ulikuwa mzuri. Anaingia ndani. Watoto wanataka mtu aingie ndani."

"Watoto wa huku watatucheka, dada. Kila nyumba ina mkorosho."

"Na muda je?"

"Niongezee."

"Nitaongea na wachapaji," alisema Rozalia. "Lakini uniletee kitu kilichosimama."

"Nitakuletea kikishasimamisha visu."

"Visu gani?"

"Nitakueleza ukija."

Mwisho wenyewe Nasra aliutoa siku moja akiwa anachonga penseli, bila kuombwa. Katika hadithi mpya Korosho yuko peke yake tawini, anaona bahari ya Mikindani, anazungumza na siafu. Halafu anakuja Bibo, mdogo, mwembamba, hana maji hata tone, anabisha hodi. Ndiyo, Bibo ndiye anayebisha. Anauliza kama anaweza kukaa hapo. Mwajuma alifika hapo akakwama, kalamu hewani.

"Korosho anamjibu nini?" aliuliza.

Nasra alipuliza unga wa penseli. "Anamwambia kaa. Lakini usinifunike."

Mwajuma akaandika. Akaandika polepole kwa sababu macho hayakuwa yanaona vizuri, moshi wa jiko bila shaka. Alipomaliza, Nasra akatandika mkeka yeye mwenyewe, akalala chali, mguu juu ya mguu.

"Soma yote," alisema. "Tangu mwanzo. Na usikimbize."

Kijijini, safari ya pili, visu vilinyamaza mapema, kwenye ule ubishaji hodi wa Bibo, na havikurudi kazini mpaka Bi Tatu alipouliza kama leo watu watakula karatasi. Mama Faraja alitafuta kosa akalikosa. Akasema siafu ni wengi mno.

Kitabu kikachapwa. Kikasomwa mbele ya watu shuleni Mikindani, Nasra akisema maneno ya Korosho na mama yake maneno ya Bibo, na siku hiyo Shafii alikuwapo, amekaa mbele kabisa, kwa hiyo hapa hakuna kukisia. Watu walijaa uwanja mzima, wengine wakapanda juu ya kuta za nyumba za mawe, wavuvi wakaacha nyavu zao majini na samaki ndani yake. Nasra alipofika kwenye "usinifunike" walimu walilia, wageni wakalia, na paka wa mama muuza uji naye machozi yakaanza kum

"Mjomba, leta hiyo kalamu," alisema Mwajuma, ambaye kumbe alikuwa amesimama nyuma ya mgongo wa Shafii, anasoma. "Walikuja wazazi wachache na darasa la tatu."

"Darasa kubwa, mwanangu."

"Na hakuna aliyelia. Nasra alisahau mstari, nikamkumbusha, akaendelea."

"Hilo nalo nilikuwa naliandika. Nilitaka tu kwanza nieleze jinsi meli zote bandarini zilivyopiga"

"Mjomba."