Shanga Tatu za Buluu

Kila mtu alimwita Sawa. Ukimwomba akubebee mkoba, sawa. Ukimwomba akupishe kwenye foleni, sawa. Alikuwa msichana wa miaka kumi na sita, mrefu, mwenye miguu myembamba aliyoionea haya, na aliamini kabisa kwamba akitoka chumbani hakuna atakayegundua. Jumamosi alimsaidia shangazi yake, msusi, katika saluni yake ndogo.

Ndiyo maana mvulana wa darasa la juu alipomnong'oneza, "Wewe si kama wengine," maneno yale yalimkaa moyoni wiki nzima. Mvulana huyo aliachiwa funguo za nyumba ya mjomba wake aliyehamia mbali. Alasiri moja akamwambia, "Twende ukaione." Sawa.

Joto la nje liliishia mlangoni. Ndani, viti vilikuwa vimefunikwa mashuka meupe, kila kimoja kama mtu aliyeketi akisubiri. Darini kitu kilitembea, kikasimama, kikatembea tena.

"Ni mabati tu," mvulana alisema. Akamwonyesha chumba cha mwisho, ambako godoro lilikuwa limeshatandikwa.

Sawa akarudi nyuma hatua moja. "Kwanza niende msalani."

Huko, kwenye ukingo wa dirisha, vibanio vya nywele vilikuwa vimepangwa mstari, vya rangi mbalimbali, kama vitu vya dukani. Pembeni kulikuwa na ncha ya rasta yenye shanga tatu za buluu, moja ina ufa. Ufa ule aliujua. Shanga zile alizitia kwa mikono yake mwenyewe kwenye nywele za rafiki yake wa dawati moja. Tangu likizo, rafiki huyo hacheki tena. Hukaa akitazama ukuta.

Mlango ukasukumwa kidogo. "Mbona unachelewa? Wewe si kama wengine, Sawa." Sauti ile ile, utamu ule ule, kama kanda iliyorudishwa nyuma.

Akazichukua shanga, akatoka. "Naenda nyumbani."

"Si ulisema sawa?"

"Nilikubali kuja kuona nyumba. Nimeiona. Hilo lingine sitaki."

"Yaani unaniogopa?"

"Nipishe."

Sauti iliyotoka ilikuwa ngeni masikioni mwake, nusura ageuke kuona nani kasema. Mvulana akajibana ukutani. Sawa akapita katikati ya mashuka bila kuyatazama, maana alihisi moja limegeuka.

Hakwenda nyumbani. Alikwenda kwa rafiki yake, akamfungulia kiganja. Rafiki akaziangalia shanga.

"Alikuambia wewe si kama wengine?" aliuliza.

"Hivyo hivyo."

"Niliogopa kukataa, nikaogopa hata kutaja kondomu. Sasa nikienda haja ndogo nachomwa. Sijamwambia mtu."

Wakaenda saluni. Shangazi alisikiliza, akaweka kitana chini, akafunga mlango. Hakugomba. "Wanangu," alisema, "kesho asubuhi twende wote kliniki."

Nesi alimpima rafiki, akampa dawa. Ugonjwa unatibika, alisema, ila ungeachwa ungemharibu ndani kimyakimya. Vipimo vingine vilikuwa salama; kimoja, cha VVU, kingerudiwa baadaye kwa uhakika. Kisha akamgeukia Sawa. "Na wewe, mama?"

"Mimi bado. Siku nikitaka, nitaamua mwenyewe. Lakini nataka kujua kila kitu leo."

Nesi akavuta kiti. Walikaa muda mrefu, wakauliza hata maswali ya aibu, na rafiki akacheka kwa mara ya kwanza tangu likizo.

Shangazi alikwenda kwa wazazi wa mvulana, na funguo zikachukuliwa. Shuleni, wakati wa kupanga mstari, Sawa alijikuta akikagua vichwa vya wasichana, kimoja baada ya kingine, akiwaza vile vibanio vya dirishani vilikuwa vya nani. Wawili walikuja saluni wenyewe, kwa siku tofauti, wakazungumza na shangazi mlango ukiwa umefungwa. Wengine hawakuja. Na kila Jumamosi, msichana asiyemjua akisimama kizingitini bila kusema anataka kusukwa mtindo gani, Sawa humvutia kiti, akangoja.