Mdogo Wangu na Mtihani wa Kutosukuma

Nilikuwa nampimia fundi misumari pale dukani simu ilipoita. Aliyepiga alikuwa daktari mwenye kliniki alikofanya kazi mdogo wangu wa kike. Nilidhani ananipigia kuhusu kiapo, maana siku hizo nyumbani kwetu hapakuwa na mazungumzo mengine. Mdogo wangu alikuwa amefaulu mitihani ya Baraza la tiba ya mgongo, na kilichobaki ni siku ya kula kiapo na kuandikishwa rasmi kuwa tabibu wa uti wa mgongo. Kwa hiyo nilipokea nikicheka. Daktari akaniuliza kama nimeketi. Nikamwambia muuza misumari haketi. Akasema, "Kaka, njoo hospitali. Mdogo wako ametutoka."

Nilimalizia kupima misumari ile. Sijui kwa nini. Nikaifunga kwenye gazeti, nikamkabidhi fundi, nikatoka na kuacha duka wazi. Nilitembea kwa miguu mpaka nikapita njia ya kuingilia hospitali, nikarudi, nikaipita tena. Mtu mmoja wa pikipiki aliyekuwa akinitazama aliniambia panda mzee, nikapanda bila kumwambia niendako. Ilibidi aniulize.

Daktari alinipokea kwenye korido. Alisema asubuhi ile mdogo wangu alikuwa akitandika karatasi safi kwenye kitanda cha tiba, akalalamika kwamba kichwa kinamgonga, halafu akavuta kiti cha wagonjwa akaketi. "Nilipomwona ameketi," daktari aliniambia, "nikajua kuna jambo." Mshipa ulikuwa umepasuka kichwani. Walimkimbiza hospitali lakini hakufungua macho tena.

Waliomfahamu wataelewa maneno ya daktari. Mdogo wangu hakuwa mtu wa kuketi. Mtaani walimwita Hatulii tangu akiwa mtoto, na jina likamkaa kuliko nguo. Alikula amesimama, mkono mmoja ukipangusa meza. Alisoma akitembea, kitabu mkononi, kutoka dirishani hadi mlangoni, hadi mpangaji wa chini akapanda ngazi kuja kutuomba kwa heshima kwamba dari lake nalo lipumzike. Kanisani mchungaji alimtazama kwa miaka akihangaika kwenye benchi wakati wa mahubiri, mwisho akasema, "Huyu mpeni mlango." Akawa mhudumu wa mlangoni, akipokea watu na kuwatafutia nafasi, na nadhani hakuna aliyemtumikia Mungu kwa miguu kama yeye.

Kazi ya migongo aliipenda kwa sababu ya baba. Baba yetu alibeba magunia maisha yake yote, na uzeeni akashindwa hata kufunga kamba za viatu. Mdogo wangu ndiye aliyemfungia. Baadaye mtu mmoja mwenye ujuzi wa kunyoosha pingili za mgongo akamtibu, na baba akaweza kuinama tena kabla hajafa. Mdogo wangu aliyaona hayo kwa macho yake, na tangu hapo hakutaka kusikia kazi nyingine. Alisoma shule, akasoma chuo, akaenda kufanya mazoezi chini ya usimamizi wa huyu daktari. Wagonjwa walimpenda. Dereva wa lori mmoja alikuwa akifika anamwulizia yeye kwanza. Lakini bila leseni ya Baraza hakuruhusiwa kumgusa mtu mgongo isipokuwa daktari awe chumbani, amesimama hapo hapo, anamtazama.

"Kaka," alikuwa akiniambia, "nimechoka kufanya kazi na kivuli."

Basi akaomba kufanya mtihani wa leseni. Baraza lilitaka vitu vingi, naye akavikusanya mbio mbio: cheti cha kuzaliwa, picha, barua ya mchungaji ya kumshuhudia tabia, sahihi ya daktari kwamba amemaliza muda wa mazoezi. Kilichobaki kilikuwa matokeo yake ya chuo, ambayo yalipaswa kufika Barazani ndani ya bahasha iliyofungwa, na muhuri wa chuo umepigwa juu ya gundi. Chuo kilimkabidhi bahasha hiyo aipeleke mwenyewe. Hakufika nayo hata barabarani. Kwenye ngazi za chuo aliifungua, akatazama alama zake, akazifurahia, akairudishia gundi kwa uangalifu mkubwa.

Mwanamke mwenye miwani aliyekaa kwenye dirisha la maombi kule Barazani aliigeuza bahasha mara moja tu, akamrudishia. Hakutaka kuona kilichomo. Alimwambia bahasha iliyofunguliwa ni barua ya kawaida. Mpaka chuo kilipotoa nyingine na kuituma chenyewe, msimu ule wa mitihani ulikuwa umempita.

Mama aliposikia alishika kichwa. "Mwanangu, alama ni zako. Zingekwenda wapi?"

"Nilitaka kuona tu, Mama."

Msimu uliofuata aliruhusiwa. Sehemu ya kuandika aliimaliza mapema, picha za mifupa alizisoma vizuri. Ikaja sehemu ya vitendo. Alitueleza jinsi ilivyokuwa: vyumba vimepangwa kwenye korido, kengele inalia, mtahiniwa anaingia, anakuta mtahini na kalamu yake na mtu aliyelala kitandani akijifanya mgonjwa. Anachunguza, anaeleza, anaweka mikono mahali pa tiba. Kisha anasimama hapo hapo. Hasukumi. Mtu yule si mgonjwa, hana shida yoyote ya mgongo, na siku ile huenda amewekewa mikono na kila mtahiniwa. Kusukuma ni kosa la kukuangusha chumba kizima, hata kama mengine yote umepata. Maelekezo yameandikwa mlangoni, na yanasomwa kwa sauti kabla ya kuanza. Aliyasikia. Aliyaelewa.

Akaweka mikono, akasukuma.

Pingili ikalia, ko! Mtu wa kujifanya mgonjwa akashusha pumzi, akasema, "Asante sana, daktari." Mtahini akaweka kalamu chini.

Tulicheka alipotusimulia, Mungu atusamehe, hata yeye alicheka, kisha akaingia chumbani na tukamsikia akitembea. Ni kosa ambalo mtu asiye na kazi ile hawezi kulifanya. Mimi ukiniambia nisisukume mgongo wa mtu sitasukuma, maana sijui. Lakini mikono yake ilikuwa imezoea kliniki, kwamba ukiweka unamaliza, na haikungoja ruhusa ya kichwa. Daktari wake aliijua tabia hiyo ya mikono na alimwonya mapema. Hata hivyo alisukuma.

Baraza likamruhusu kurudia sehemu ile tu kwenye msimu mwingine, na hapo ndipo mimi nikawa mgongo. Kila Jumapili tukitoka kanisani tuliondoa vyombo kwenye meza ya chakula, tukatandika blanketi, nikalala kifudifudi na shati langu la ibada. Mke wangu alikaa kichwani pangu na mwiko. Yeye ndiye alikuwa mtahini. Akiona bega la wifi yake linashuka kutaka kusukuma, anagonga meza karibu na sikio langu.

"Umeanguka, wifi. Ondoka, mwite mwingine."

"Wewe ukishika mwiko tu unajiona Baraza."

"Baraza lina huruma. Mimi nina njaa. Anza tena."

Akaanza tena, akasukuma tena. Mgongo wangu haujawahi kuwa mzima kama miezi ile. Nilikuwa nabeba mifuko ya saruji dukani kama kijana, na wenzangu wakaniuliza nakunywa nini. Lakini ndani ya nyumba tulikuwa na hofu. Akianguka tena sehemu ile, ombi lake lingefutwa, na angelazimika kuanza upya na bahasha zote, na mazoezi ya kliniki yahesabiwe upya. Hakuna aliyelisema hilo wakati wa kula. Nilimwombea kwa kufunga, mke wangu naye, ingawa yeye kufunga na mwiko mkononi ni kazi.

Aliyetutoa pale ni mama. Alikuwa amekaa pembeni Jumapili zote hizo akituangalia bila kusema, anashona vifungo. Siku moja akamwambia mdogo wangu, "Mikono yako umeikataza tangu utotoni na haijawahi kukusikia. Iache. Mdomo wako je? Nao haujawahi kuchoka. Upe huo kazi."

Akamwambia aweke mikono, halafu aseme. Aseme kila kitu ambacho angefanya: angesukuma wapi, kuelekea wapi, kwa nguvu gani, mgonjwa angesikia nini, angemwambia nini baadaye. Aseme mpaka maneno yaishe. Mdogo wangu alikuwa na mdomo kama cherehani, sote tunajua. Akaweka mikono mgongoni kwangu akaanza kusema, na nikahisi vidole vyake vikitulia kidogo kidogo kadiri alivyoendelea, mpaka vikawa vizito na vimelala kabisa. Alimaliza kusema, akaondoa mikono. Mke wangu alikuwa ameinua mwiko na hakuwa na pa kuushushia.

Mtihani wa pili alisema, hakusukuma. Nasikia mtahini alimwambia inatosha, naye akaendelea, mpaka kengele ikalia. Matokeo yalipofika alikuja mbio dukani, akanikuta na wateja, akanishika mabega mbele yao akanitikisa kama mti. Hakuweza kuongea, yeye. Kiapo kikapangwa. Alianza kuamka kabla yetu sote, anapiga pasi nguo iliyokwisha kupigwa pasi.

Na siku chache kabla ya kiapo hicho ndipo nilipoitwa hospitali.

Matanga yalianza, na mimi nikawa siwezi kukaa. Viti vilikuwa vimejaa ua mzima, watu wakinivuta niketi nao, naketi, nainuka. Naenda kuhesabu masufuria, narudi, naenda getini. Mke wangu aliniambia sasa umerithi jina lake. Naamini Mungu hakosei, nimefundishwa hivyo na nimewafundisha wanangu hivyo, na bado siku zile nilikuwa nikianza sala naiacha katikati, sipati pa kuishikia.

Kisha likatokea jambo la jina. Mchungaji alikuja kuandaa ibada ya mazishi akauliza jina la marehemu tulisome vipi. Mama akasema, "Daktari. Msomeni Daktari." Mchungaji akanitazama mimi. Nikasema Mama, hakula kiapo. Sheria ya Baraza ilisema wazi kwamba mtu haitwi hivyo mpaka awe ameandikishwa. Mama akaniuliza kama ni mimi niliyemzaa au yeye. Sikutaka kumvunja moyo mama siku ile, na sikutaka pia kusimama mbele ya madhabahu nikasikia neno lisilo kweli juu ya jeneza la mdogo wangu. Usingizi haukuja. Asubuhi nikaenda Barazani.

Dirishani alikuwa yule yule mwanamke mwenye miwani. Nilipotaja jina alilikumbuka, akasema, "Yule wa bahasha." Nikamwambia amefariki. Alivua miwani. Nikamweleza ombi la mama yangu, kama ingewezekana kumwandikisha hata leo, hata bila yeye kuwepo. Aliinuka akaenda kuuliza ndani, akakaa huko muda mrefu, nami nikatembea pale kwenye kibaraza mbele na nyuma mpaka mlinzi akanisogezea kiti, nikakikataa.

Aliporudi hakurudi dirishani. Alitoka nje kwa mlango, akasimama karibu nami. "Kaka, pole. Haiwezekani. Kiapo anakula mtu mwenyewe kwa kinywa chake," alisema. "Lakini alifaulu. Mitihani yote. Hilo mnaweza kulisema popote, na akija mtu kuuliza, mtumeni kwangu."

Nilimkuta mama chumbani kwake na nikamwambia yote kama yalivyo, bila kupunguza. Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio. Alivuta kanga mabegani.

"Alihangaika sana," akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Basi msiseme daktari. Semeni alifaulu. Hilo hakupewa na mtu, na hakuna wa kumnyang'anya."

Tulimzika kesho yake alasiri. Kanisa lilijaa, na wagonjwa wa kliniki walikuja, dereva wa lori akiwa amevaa koti kubwa kuliko mwili wake. Mchungaji alisoma jina lake la ubatizo bila neno mbele yake, akasema ni binti wa nani, dada wa nani, shangazi wa nani, mhudumu wa mlangoni wa kanisa hili, na kwamba alifaulu mitihani yote ya Baraza la tiba ya mgongo. Mama aliitikia kwa kichwa.

Makaburini tulimshusha kwa kamba. Mimi nilishika upande wa kichwa na binamu yetu, daktari akaomba kushika upande wa miguu. Jeneza lilishuka sawa. Mama alitupa udongo, kisha mimi, kisha mke wangu na watoto, kisha waliotaka. Vijana wa kanisa wakachukua majembe wakafukia huku kwaya ikiimba. Tukaweka msalaba na maua. Mchungaji akatoa baraka. Watu wakaanza kuondoka kwa vikundi, nasi tukaosha mikono kwenye dumu lililokuwa langoni, nikamshika mama mkono huu na mke wangu akamshika ule, tukarudi nyumbani.